Aliyemruhusu Somoe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimeinama juu ya meza ya walimu naandika andalio la somo kwa kalamu za rangi mbili, na mama mmoja amesimama mlangoni anasubiri nimtazame. Nilimwona tangu alipopanda barazani. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja kesho yake kukaa nyuma ya darasa langu, na nilijiona nina shughuli kuliko wanadamu wote wa mkoa wa Mtwara. Nikamwacha asimame mpaka nimalize mstari.

Nakueleza haya kwa sababu wengi wenu siku hizi mmeajiriwa kwa ajili ya Kiingereza chenu. Yuko wa bandarini, yuko wa gesi, yuko wa kiwanda cha saruji, na yuko yule anayefuatana na wageni vijijini kuwatafsiria wazee. Mnaandika ripoti, mnajibu barua. Mkija kunisalimu hapa Mikindani mnaniuliza maswali ya lugha, na swali lisiloisha ni moja: Bibi, make, let, have na get vinatofautianaje, mbona vyote ni mtu mmoja kumfanya mwingine atende jambo? Jibu la ubaoni ninalo na nitakupa. Ila kuna jibu jingine nililolipata kwa aibu, na hilo utalisikiliza kwanza, maana chai yangu umeshakunywa na huwezi kuondoka.

Yule mama alikuwa ametoka Kitaya, kule mtoni mpakani na Msumbiji. Alikuja kwa lori la mihogo, na vumbi la njia nzima lilikuwa kwenye khanga zake. Binti yake, Somoe, alikuwa kidato cha pili katika shule yetu na alilala bwenini. Alisomeshwa na shirika moja la wafadhili wa nje, lililochukua wasichana wachache wenye akili ambao kwao hakuna uwezo. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa bweni. Msichana hatoki getini mpaka mimi niseme, na nikisema naandika kwenye daftari la ruhusa: jina, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, sahihi ya mzazi na yangu.

Mama Somoe alieleza shida yake taratibu, kama watu wa kwao wanavyoeleza, akianzia mbali. Bibi yake Somoe, mzaa mama, alikuwa amefariki mwezi wa sita. Somoe alikwenda mazikoni, akawekwa nje pamoja na watoto, kwa sababu alikuwa hajachezwa unyago. Zamu yake ilikuwa imepita mara mbili, mara ya kwanza kwa msiba wa baba yake, mara ya pili kwa shule. Sasa bibi aliyemlea anaogeshwa chumbani na wanawake wote wa ukoo, naye yuko uani na watoto wa miaka saba. Alilia siku ile mpaka akatapika. Aliporudi shuleni akamwandikia mama yake barua, akiomba mwenyewe achezwe mwaka huu huu; jirani ndiye aliyemsomea mama. Mjomba wake, ambaye kwa mila zao ndiye mwenye neno, alikubali. Wali wengine watano, wasichana wa kuchezwa pamoja naye, walikuwa tayari. Ilikuwa wiki moja tu, mama akasema, na mtihani wa mwezi wa tisa anajua kwamba upo, ndiyo maana amefunga safari aje aniombe kwanza.

Mwanangu, mimi nilisikia nusu. Nusu nyingine ya kichwa changu ilikuwa inapanga mifano ya kumfurahisha mkaguzi. Nikasema, mchukue tu mama, mradi Jumamosi awe hapa. Akauliza kama aweke dole gumba mahali fulani. Nikamwambia haina haja, nitaandika mwenyewe baadaye. Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu, na sikulitoa.

Unajua nilikuwa naandaa nini? Vitenzi hivyo hivyo unavyoniuliza. Kesho yake nilichora ubaoni safu nne. Make, unamlazimisha mtu kufanya na yeye hana hiari. Let, njia ilikuwa mikononi mwako nawe hukuifunga. Have, unamwagiza mtu ambaye ni kazi yake, au ni kawaida yake kukutii. Get, hakutaka kwanza, ukamshawishi mpaka akakubali. Nikaongeza cause, ile ya maofisini, inayokaa vizuri na mvua na ajali, ambayo mtu akiitumia sana jua hataki kutaja jina. Nikatoa mifano ya kubangua korosho, maana kila mtoto pale ameshabangua: mama aliyemshikia binti fimbo abangue, mama aliyemwacha abangue kwa kuwa mwenyewe ameomba, mama aliyempa kazi hiyo mbanguaji wake wa kila siku, na mama aliyembembeleza kwa ahadi ya gauni la Idi. Darasa lilicheka, mkaguzi akaandika vizuri kwenye fomu yake. Nilitembea siku ile kama niliyeolewa na mfalme.

Huko Kitaya mambo hayakwenda kwa kalenda yetu. Ya ndani ya unyago sikusimulii, hayasimuliwi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wali hawatolewi mpaka shangazi mkubwa wa ukoo awepo, na shangazi huyo alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, amelala kwa homa. Wakamsubiri. Mjomba hakuweza kuamua vinginevyo hata kama angetaka. Somoe alirudi siku ya kumi na moja, amepakwa mafuta, amevaa khanga mpya, na mtihani ulikuwa umekwisha juzi yake.

Shirika likaandika kuuliza. Walikuwa na masharti, na sharti la kwanza lilikuwa mtihani. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole ambaye alichoogopa duniani ni barua zenye nembo. Akaniuliza nani alimruhusu yule mtoto.

Hapo, mwanangu, palitosha neno moja: mimi. Nililipata mdomoni kabisa, nikalimeza. Nikasema mama yake alikuja akamchukua. Haukuwa uongo, ukiusikiliza haraka. Mkuu wa shule akashusha pumzi, akasema basi andika hivyo, wewe ndiye mwenye Kiingereza.

Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana ujanani. Niliandika kwamba mama yake Somoe made her leave school. Nikairudia made mara ya pili, kwenye kushiriki mila. Na mara ya tatu, kwenye kukosa mtihani. Kiswahili chetu kingeniachia nafasi ya kujificha. Ningesema mama alimwondoa shuleni, na msikilizaji angebaki kuuliza mwenyewe ilikuwaje. Kiingereza kilinitaka nichague, na mimi nilijua tofauti kuliko mtu yeyote mkoa ule, wiki chache tu nyuma nilikuwa nimeifundisha kwa rangi mbili. Nikachagua ile iliyonitoa mimi kwenye karatasi. Sikukosea lugha. Nataka ulishike hilo, kwa sababu watu wakinisikia hudhani nilikosea lugha.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Shirika halikuweza kuendelea na familia inayomlazimisha binti kuacha masomo. Nafasi yake wangempa msichana mwingine aliyekuwa akisubiri. Somoe akabidhi godoro na shuka za bweni mwisho wa mwezi.

Mama Somoe alikuja tena, safari hii na binti yake pembeni. Ilikuwa mchana, walimu wengine wamekwenda kula. Alikwenda kwanza kwa mkuu wa shule kuuliza kosa ni lipi, naye, sijui kwa huruma au kwa kutaka kuondokewa, akampa nakala ya barua yangu, akamwambia mwalimu atakusomea. Mama Somoe akanikabidhi barua kwa mikono miwili. Safari hii nilisimama, nikampa shikamoo, nikamletea kiti. Hakukaa.

Nikaanza kumsomea kwa Kiswahili. Nilisoma salamu yote, nikasoma jina la shule, nikasoma tarehe. Nilipofika penyewe nikasema, hapa nimeeleza kwamba mama alikuja akamchukua mtoto kwa shughuli ya familia. Nikaendelea mbele upesi upesi. Somoe alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nilikuwa nimesahau kwamba yule mtoto anasoma Kiingereza, na kwamba aliyemfundisha ni mimi.

"Mwalimu, hapo umeruka," akasema.

Alisema kwa adabu, polepole, kama darasani mtu anapokuonyesha umesahau nukta. Mama yake akamwuliza, limesema nini hapo? Somoe akanitazama. Nilimwona anatafuta namna ya kuniokoa, mtoto wa miaka kumi na tano ambaye nimemfukuzisha shule, na sijawahi kujionea haya kama nilivyojionea dakika ile. Kisha akainamisha uso.

"Linasema ulinilazimisha, mama. Mara tatu."

Mama Somoe hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikaa sasa kwenye kile kiti nilichomletea, akakunja khanga yake magotini. Kisha akaacha kuniita mwalimu.

"Mwanangu," akaniambia, "mie nilipanda lori la mihogo kuja kukuomba. Anayelazimisha haji kuomba. Nilisimama pale mlangoni mpaka ukamaliza kuandika, nikakwambia yote, ukanijibu nimchukue. Sasa wametunyima shule, na shule ni yao, wana haki ya kuichukua. Lakini ntoto wangu huyu alicheza unyago wake akijua ametoka kwa ruhusa. Leo umemwandikia kwa wageni kwamba mama yake ni mwizi. Hilo mie siwezi kulibeba kurudi nalo Kitaya."

Nikaanza kueleza. Nilimwambia habari za mkaguzi, habari za daftari, habari za mkuu wa shule na masharti ya wafadhili. Nilieleza kwa kirefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia kwamba kila kitu katika maelezo yangu kilikuwa na kosa isipokuwa mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Aliponiona nimeishiwa akauliza swali moja tu, kama barua hiyo inaweza kuandikwa tena.

Niliiandika pale pale, mbele yao. Sikuandika ya kujilaumu sana, maana nayo ni namna ya kujipamba. Niliandika kwamba Somoe aliomba mwenyewe kwenda. Kwamba mama yake alisafiri kuja kuniomba ruhusa. Kwamba I let her go, mimi, mwalimu wa bweni, na sikuandika kwenye daftari, na sikumpa mama masharti yenu kwa ukamilifu. Kwamba waliomsubirisha Kitaya walikuwa wakimsubiri mgonjwa ng'ambo ya mto, na hakuna aliyekusudia akose mtihani. Na kwamba barua ya kwanza niliiandika nikijua si kweli. Hiyo sentensi ya mwisho ilinichukua muda kuliko zote, mwanangu. Mkono ulikuwa mzito kama nimebeba ndoo.

Nikawasomea, na Somoe akifuatisha kwa macho begani pangu. Safari hii hakusema nimeruka. Mama yake akaniuliza jina langu nimeliweka wapi. Nikamwonyesha, pale juu baada ya lile neno la kuruhusu, na tena pale chini kwenye sahihi. Akaweka kidole chake juu ya jina la juu, kidole kilichopasuka kwa utomvu wa korosho, akakiacha hapo kidogo.

"Haya," akasema. "Hata wakikataa sasa, nitakwenda kulala."

Mkuu wa shule aliposoma alishika kichwa. Aliniambia ninajiharibia kazi, na jina la shule, na kwamba jambo lenyewe limeshakwisha. Nikamwomba aipeleke hivyo hivyo au nitaipeleka mwenyewe posta. Aliipeleka, na pamoja nayo akanitolea barua ya onyo, na bweni nikanyang'anywa. Sikumchukia kwa hilo. Alifanya lililokuwa kazi yake, na onyo lile lilikaa kwenye faili langu mpaka nilipostaafu. Ukipewa faili langu leo utalikuta, nadhani panya hawajalipenda.

Bado kulikuwa na mtoto asiye na pa kulala. Nilikuwa na chumba kimoja katika nyumba za walimu, na kitanda kimoja. Nikamwambia Mama Somoe amwache kwangu amalizie muhula wakati tunasubiri jibu. Alisita sana, na alikuwa na haki ya kusita. Akamwuliza Somoe anataka nini. Somoe akasema atabaki. Miezi mitatu tulilala mzungu wa nne, yeye kichwa huku na mimi kule, na alikuwa na tabia ya kukariri fizikia usingizini. Sikuwahi kumsikia akinitajia ile barua. Alinipikia, nikampikia, na Jumapili tulisukana nywele. Siku moja nikamwomba radhi kwa maneno, kwa sababu niliogopa kwamba nilikuwa namlipa kwa ugali ili nisiseme. Aliendelea kuchambua mchele, halafu akasema yeye alishanisamehe siku ile ile, lakini mama yake bado, na niende nikamwombe kwao.

Nikaenda. Nilimkuta shambani anapalilia chini ya mikorosho, nikasema niliyoyasema. Alinisikiliza akiegemea jembe, kisha akanielekeza jembe jingine lilikokuwa. Tulipalilia mpaka adhuhuri. Sijui kama huko ndiko kusamehewa. Wakati wa kuondoka alinifungia unga wa muhogo, na aliponiaga aliniita mwalimu tena.

Jibu la wafadhili lilikuja mwezi wa kumi na mbili. Nafasi ya mwaka ule ilikuwa imeshachukuliwa na msichana mwingine, na hawakuweza kumwondoa huyo, wala sisi tusingependa. Ila kwa kuwa sasa wamejua ilivyokuwa, Somoe wangempokea mwaka unaofuata, arudie kidato cha pili tangu mwanzo. Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliingia darasa moja na watoto waliokuwa nyuma yake, akaketi na wadogo, akasikiliza tena masomo aliyokwisha kuyajua. Alimaliza. Lakini mwaka mmoja wa maisha yake ulikwenda, na nauandika kwa kitenzi chake: nilimpotezea mimi. Si shangazi, si mto, si mila, si wafadhili. Hao kila mmoja alifanya lake, na ukiwauliza watakwambia. Huo mwaka ulikuwa kwenye droo yangu.

Sasa jibu lako, mwanangu. Safu nne za ubaoni nimekupa, zikariri, kazi itazitaka. Lakini utakapokuwa ofisini na karatasi mbele yako, na jambo limeharibika, na kuna mtu mwenye dole gumba tu ambaye hataisoma hiyo karatasi, usianze na kitenzi. Anza kwa kujiuliza kila aliyekuwepo alikuwa na mlango gani mkononi. Nani alisukuma, nani aliomba, nani aliagiza, nani alishawishika, na nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana akasema haya nendeni. Ukishawajua, kitenzi kitakuja chenyewe, kwa Kiingereza au kwa Kimakonde. Na huyo wa mwisho mchunguze sana, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayeshika kalamu.

Usiseme mtu alilazimishwa ili aonekane mnyonge, hali alitaka mwenyewe. Unamwibia hiari yake. Usiseme aliruhusiwa kama alisukumwa; unamfichia aliyemsukuma. Na ukitafsiri maneno ya mzee wa watu, mrudishie kwa Kiswahili ulichomwandikia, hata asipokuomba, asikie neno kwa neno, kabla hujatia sahihi. Utaniambia wakubwa wako hawana muda huo. Najua. Mimi pia nilikuwa na mkaguzi kesho yake. Na kama umeshaandika isivyo, andika tena. Karatasi zipo. Utapata onyo, pengine utapoteza cheo, na utakula na kulala kama kawaida.

Haya, inuka, bajaji za mjini zitakuacha. Mungu akufungulie riziki kwa hiyo lugha yako, akuzungushie watu watakaokwambia umeruka, na siku zamu yako itakapofika, akupe mkono wa kuandika jina lako mbele ya neno linalokustahili. Amina.